Tulimulilia Mama Anjelani akiwa muzima, mpaka biro ikashuka ngazi

Wakuu wa humu ndani, hodi. Na wasio wakuu pia, sogeeni, mukae.

Mimi ni bibi wa Kalemie, mujane wa muntu wa treni. Shule niliiacha darasa la tatu kwa masista, kwa hiyo musinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa ya biro, yaani ofisi, njo mengi; njo kwetu ni ndiyo.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu. Kama nimeongeza chumvi, ngazi za ile biro zinivunje muguu uliobaki muzima.

Naandika kwa kidole kimoja. Mwenye haraka aende akanunue mukate, arudi.

Hapa kwetu kuna biro ya wazee. Jina lake la kweli ni refu na liko kwa Kifaransa, siliandiki. Njo biro inayotunza lisiti, orodha ya majina, ya wastaafu na wajane wao. Jina lako likiwa kwenye lisiti, unapata haki zako, na unapata karatasi ya dispansere. Bila karatasi ile, dawa ya tansiyo, ya presha, hupewi hata kama unatetemeka mbele yao.

Sasa sikilizeni akili ya watu waliosoma.

Biro ya wazee iko etaje.

Juu!

Ngazi makumi mbili na saba, nimezihesabu kwa magoti. Ni jengo la Wabelgiji. Chuma cha kushikilia kiling'olewa zamani, nadhani sasa hivi kinashikilia bati la muntu fulani.

Mara mbili kwa mwaka tunaitwa kontrole. Unapanda, unasimama mbele ya meza, wanakutazama, wanaandika "yuko". Basi, unashuka. Ukikosa mara mbili, wanaandika hauko. Na hauko, kwa lugha ya biro, ni umekufa.

Kwa hiyo kila kontrole wazee tunapanda kuonyesha kwamba hatujafa, na kila kontrole mumoja wetu anakaribia kufa pale pale kwenye ngazi.

Mama Anjelani njo jirani yangu, ukuta kwa ukuta, tangu waume zetu walipokuwa wanalala njiani na treni ya Kabalo. Ni mama mukubwa wa mwili. Kutwanga anatwanga, kugombana anagombana, lakini magoti yalimukatalia ngazi. Vijana wa mutaa walitaka kumubeba. Akawafukuza.

"Mimi nilibebwa na mama yangu, basi," akasema. "Wa pili kunibeba litakuwa sanduku."

Akakosa kontrole ya kwanza. Akakosa ya pili.

Nikaenda mimi kumusemea. Shefu wa biro ni kijana, nitamuita Pasifiki, siyo jina lake. Adabu anayo. Soksi safi.

"Mama, kwenye ordinatere, hii kompyuta, huyu amekufa."

"Baba, mimi nimetoka kumuacha sasa hivi anatukana bata wangu."

"Pole, Mama. Lakini muntu haonyeshwi kwa mudomo. Aje mwenyewe."

"Angeweza kupanda, ungemuandika amekufa?"

"Ni prosedire, Mama, ni utaratibu."

Huyo Prosedire sijawahi kukutana naye, lakini naona njo anatawala.

Nikashuka ngazi makumi mbili na saba, hasira ikinishika mukono.

Tukaanza kugawana vidonge vyangu. Nusu yangu, nusu yake, tunavikata kwa kisu cha kupara samaki. Muganga wa dispansere alinipima akashangaa: "Bibi, hii dawa haikufanyii kazi?" Ningemujibu nini? Inafanya kazi, lakini kwa watu wawili.

Kichwa kikawa kinanigonga kama mashine za saruji za Kabimba. Anjelani yeye aliteleza karibu na jiko asubuhi moja, akabaki chini mpaka muchana, ameshika muguu wa meza, anasubiri dunia iache kuzunguka. Nilimukuta hivyo.

Akaniambia, "Usipige kelele. Nilikuwa napumzika."

Hapo mimi muchezo ukaniishia. Nilijua mumoja wetu hatafika Krismasi, na sikujua ni yupi.

Wiki ileile Pasifiki akaja kwangu mwenyewe, anatabasamu. Kuna ujumbe unakuja, akasema, wakubwa wa jimbo. Watafanya atelie, semina yao, kule juu, watatengeneza maandishi ya sheria ya kulinda wazee. Wataalamu, mikro, jusi, biskuti.

Nikamuuliza, "Na wazee watasema saa ngapi?"

"Nyinyi mutaimba, Mama. Pale chini, wageni wakitoka kwenye gari. Wamama wazee sita, kitenge kimoja, makofi."

"Na wageni wakishapanda?"

"Munaweza kurudi nyumbani. Au mupumzike uani."

"Tutapumzika," nikamuambia.

Jioni tulikuwa kwa Mama Feza tunamenya karanga. Feza ni mutani wa Anjelani. Kwa wasiojua: kwetu kuna koo zinazotaniana, na kwenye kilio mutani njo ana ruhusa ya kumutukana marehemu mbele ya watu wote, na hakuna wa kumugusa. Mutani asipotukana, kilio hakina ladha.

Nilisema tu, bila mupango: "Huyu mama amekufa tangu kontrole ya pili, na hatujamulilia. Sisi ni watu gani?"

Feza akaweka karanga chini.

"Ni aibu kweli," akasema. "Hata matawi hatujaweka."

Tukatazamana. Wakuu, wazee wawili wakitazamana vile, serikali ingepaswa kupigiwa simu.

Munajua desturi. Matawi ya muchikichi yakiwekwa njiani, ni kilio. Pikipiki inanyamaza honi, mwenye kofia anaivua. Na mukubwa, hata awe nani, hawezi kukaa juu ya kichwa cha mufu akinywa jusi. Lazima ashuke, ainame, atoe pole. Asiposhuka, jina lake limeoza mpaka Moba.

Mimi hesabu yangu ilikuwa hiyo tu. Sisi hatuwezi kupanda kwao. Mufu atawashusha.

Niliogopa Anjelani atakataa. Kumbe alikuwa ameshaanza kuchagua nguo.

"Munivalishe kile kitenge cha kijani cha Pasaka," akasema. "Na mukinilia, mulie vizuri. Siyo kile kilio cha kumulilia mukwe."

Siku ikafika. Saa tatu za asubuhi tulimupakia kwenye pusipusi, ule mukokoteni wanaobebea magunia ya muhogo. Nikamukumbusha maneno yake ya sanduku.

"Leo ni mufu," akajibu. "Mufu hachagui." Halafu akamugombeza musukumaji kwa sababu ya mashimo.

Tukamuficha nyuma ya ukuta, kitenge juu, na sisi sita tukasimama mbele ya mulango.

Kuimba tuliimba vizuri, nisiwadanganye. Kazi ni kazi. Wageni walifurahi. Mukubwa wa ujumbe, Papa Mushauri tumuite, tumbo mbele, faili chini ya kwapa, alitupungia mukono kama Papa wa Roma. Wakapanda. Mulango wa juu ukafungwa. Tukasikia mikro: "Wazee wetu ni hazina..."

Hazina walikuwa wameiacha uani.

Tukatandika mukeka chini ya ngazi. Tukamulaza, tukamufunika mpaka kichwani. Feza akaweka matawi njiani. Mupango ulikuwa huu: tunalia, wanashuka, mimi nasema maneno yangu, halafu mimi mwenyewe nafunua kitenge polepole. Anjelani alale kimya mpaka hapo. Alikula kiapo kwa Bikira Maria.

Basi nikavua kitambaa cha kichwa, nikapiga yowe.

Hapa niseme kitu ambacho sikukipanga. Yowe la kwanza lilikuwa la ujanja. La pili pia. La tatu lilitoka mahali pengine. Nilimuona chini ya kitenge, miguu imetokeza, kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi, nikafikiri: njo hivi itakuwa, siku yenyewe, na kule juu hawatajua tofauti. Nikashindwa kujizuia. Kumbe na wenzangu pia. Wamama sita tulilia kweli kweli, na nadhani kila mumoja alikuwa anajililia yeye.

Sauti ikatoka chini ya kitenge: "Punguza kidogo. Unanitia woga."

Nikamufinya.

Watu wakaanza kujaa. Pikipiki zikasimama. Mama mumoja muuza ndakala, wale dagaa wa ziwa, hamujui Anjelani hata kwa kuota, alitua beseni lake akalia kutushinda. Mwingine akaweka bakuli la unga kwenye mukeka, mambo ya kilio. Nikaona aibu kidogo. Kidogo.

Juu, mikro ikanyamaza. Tukasikia viti, halafu viatu.

Papa Mushauri alishuka wa kwanza, kichwa wazi, mikono mbele. Akasimama miguuni pa mufu.

"Mama huyu nilimufahamu," akasema kwa huzuni. "Alikuwa muti mukubwa wa muji huu."

Nikaona tumbo la ule muti linatikisika. Nikakohoa kwa nguvu ili watu wanitazame mimi.

Pasifiki akaniinamia sikioni. "Pole sana, Mama. Nani huyu?"

"Unatuuliza sisi? Wewe njo ulituletea habari."

"Mimi?"

"Ni Mama Anjelani. Ulimuandika mwenyewe. Sisi tulichelewa tu kulia."

Kijana akatazama kitenge, akatazama mikono yake. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo sana, sauti ya mutoto aliyevunja sahani:

"Mama... alikosa dawa?"

"Alikosa dawa," nikasema.

Na huo haukuwa uongo. Niliona macho yake yanajaa maji, na roho ikaniambia: mufunulie sasa, anatosha huyu. Nikanyoosha mukono.

Lakini tulikuwa tumemusahau Feza.

Feza aliona umati, akaona wakubwa, akaona hajawahi kupata kilio kikubwa namna hii. Akaingia katikati, mikono kiunoni.

"Amekwenda!" akalia. "Amekwenda mwizi wa vifuniko vya sufuria! Amekwenda aliyekula samaki mukebuka muzima, mugeni akamupa kichwa! Na sombe yake, jamani, ile sombe yake ya majani ya muhogo! Tulikuwa tunakula kwa huruma!"

Wakuu, vifuniko vilivumiliwa. Mukebuka ulivumiliwa.

Sombe, hapana.

Kitenge kikainuka, mama ndani.

"Feza! Sombe yangu? Uliyolamba mpaka chungu kikatoboka?"

Sijui niwaeleze vipi. Umati wote ulifunguka kama kitambaa kilichopasuliwa. Mwenye ndakala aliacha beseni. Pikipiki zilipigwa teke, nyingine hazikuwaka, zikakimbizwa kwa kusukumwa. Katekista mumoja aliyekuwa anapita alianza Baba Yetu kutoka katikati. Na Anjelani amekaa pale kwenye mukeka, kijani cha Pasaka, kidole juu, anamudai Feza shahidi mumoja tu, mumoja, aliyewahi kubakiza sombe yake.

Na Papa Mushauri?

Wengine walikimbilia njiani, yeye alikimbilia juu. Ngazi mbili mbili, na lile tumbo. Nilihesabu, siwezi kuacha kuhesabu zile ngazi. Alifika ya kumi na tano. Pale goti likamuambia basi. Akakaa, ameshika goti kwa mikono miwili, pumzi inatoka kama injini ya boti bovu la Moba. Hawezi kupanda. Hawezi kushuka. Faili lilikuwa limeshashuka peke yake, karatasi za sheria ya wazee zimetapakaa ngazi nzima.

Nikasogea chini ya ngazi. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, ya heshima, siku tatu nilikuwa nayarudia. Yote yalikimbia. Nikasema:

"Papa, pole na goti. Zimebaki kumi na mbili. Ukifika juu, watakuandika uko. Usipofika, watakuandika hauko. Ni prosedire."

Nilifikiri: leo nalala kwa polisi, na umri huu.

Akatazama juu. Akatazama chini. Akamutazama Anjelani, ambaye alikuwa anatingisha kichwa kumukubalia. Halafu yule baba akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta macho kwa karatasi ya sheria.

"Shefu," akamuita Pasifiki, "nani aliweka biro hii juu?"

Pasifiki akatazama soksi zake.

"Nilikuta hivi, Papa."

"Na nani alisema wazee waimbe tu?"

Soksi tena.

Watu wawili wakamushusha Papa Mushauri, mukono huku, mukono huku. Akaagiza viti vishuke. Na mikro. Feza akaongeza: na biskuti. Atelie ikafanyika uani, sisi kwenye mukeka wetu, wao kwenye viti, na wale waliokimbia wakarudi mumoja mumoja, wamesimama mbali kidogo na Anjelani.

Kila mama alisema lake. Wa kwanza alisema choo. Wa pili alisema foleni ya dispansere. Mimi nilisema ngazi, nikarudia ngazi, wakaniomba nimupe mwenzangu mikro.

Anjelani aliishika kama muchi.

"Mimi sikuomba munilinde," akasema. "Mulango wangu uko wazi tangu alfajiri. Anayetaka kujua kama nimekufa, apite, agonge. Nikiitika, aandike. Nisipoitika, aite watu. Ni kazi gani hiyo?"

Papa Mushauri akamuambia katibu wake aandike. Nilimulazimisha atusomee: biro inayohudumia wazee iwe chini, asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani, na hakuna muntu kufutwa kwenye lisiti mpaka kwanza agongewe mulango.

Ikabaki kumufufua Anjelani. Munafikiri ni rahisi? Pasifiki alishusha ordinatere yenyewe, akabonyeza, akabonyeza. Ile mashine ina mahali pa kufia. Mahali pa kurudia haina.

"Haikutabiriwa kwamba muntu atarudi," akasema, jasho likimutoka.

"Na Lazaro alijaza fomu gani?" Feza akamuuliza.

Papa Mushauri akasema andika kwa kalamu. Ikaandikwa kwa kalamu, ikapigwa muhuri: Yuko. Anjelani akaomba aishike ile karatasi mwenyewe. Hakuweza kuisoma, lakini aliitazama muda murefu kuliko mimi nilivyowahi kutazama karatasi yoyote. Kesho yake alikuwa na dawa yake, kidonge kizima. Na mimi changu kizima. Kisu kimerudi kwa samaki.

Sasa musifikiri nawauzia ndoto. Ile sheria haijapigiwa kura. Iko mezani mahali fulani, na meza za wakubwa zina usingizi. Lakini wiki iliyofuata tuliona meza moja imewekwa chini, pale pale tulipotandika mukeka, na Pasifiki mwenyewe ameketi. Kwa wale wasiotembea, anapita na pikipiki. Anagonga. Kwa Anjelani hugonga mara tatu, tangu nje anaita, "Mama, ni mimi, uko?" Na yule mama, roho mbaya, anamuacha asubiri kidogo kabla ya kuitika.

Hasara pia zilikuwepo. Padri aliniita, akaniambia kuchezea kifo ni zambi. Nilikubali nusu. Unga wa watu tuliurudisha, isipokuwa ule ambao mwenyewe hakujulikana, huo tuliula, na sombe. Muuza ndakala mpaka leo hamuuzii Anjelani, anamuwekea samaki chini na kurudi nyuma. Na Feza na Anjelani hawakusemeshana siku tisa, sababu ya sombe.

NAONGEZA: naona mumoja ameshaandika hapo chini kwamba wazee tuwe na subira, mambo ya sera yanataka utaalamu. Mwanangu, subira tunayo, tunayo mpaka imeota kutu. Mutaalamu ni nani? Anayetaka kuandika sheria ya wazee, abebe gunia la muhogo mugongoni, apande ngazi zetu asubuhi bila kula, halafu nimupe kalamu.

Funzo langu ni dogo. Muntu akikuita umuimbie, imba vizuri. Lakini usirudi nyumbani wimbo ukiisha. Kaa pale uani. Lia kama ni lazima.

Nyinyi wa Manono, wa Moba, wa Kigoma ng'ambo, huko kwenu biro ya wazee iko chini au iko juu? Semeni. Matusi nayapokea, mimi ni bibi, nimesikia makubwa zaidi. Anayesema sombe ya Anjelani ni maji, asiandike jina lake.

Jana tulikuwa tumekaa mulangoni, kila mumoja na kikombe chake, tunameza dawa. Akaniambia:

"Siku nikifa kweli, usijisumbue kulia. Ulishanilia."

"Nitalia tena," nikamuambia. "Lakini safari hiyo unyamaze."

Akamaliza maji ya kikombe chake.

"Inategemea Feza atasema nini."